Mafuta haya ni ya nani? Kemia ya mafuta ya ibada, kutoka duka la Brigid hadi Masasi na Newala

Ukipita kwenye maduka ya mtandaoni ya Ulaya na Marekani yanayouza vifaa vya ibada za kale, utakuta chupa ndogo zimepangwa kwa majina ya miungu ya Wakelti: mafuta ya Brigid, mafuta ya Cernunnos, mafuta ya Morrigan. Kila mungu na chupa yake, kama laini za simu na mitandao yake. Unapaka mshumaa au kipaji cha uso, unataja jina, basi.

Tatizo ni kwamba Wakelti wenyewe hawakutuachia kanuni hata moja ya kuchanganya mafuta hayo. Julius Caesar aliandika kwamba makuhani wao hawakuruhusu mafundisho yao yaandikwe. Mwandishi wa Kirumi Plinio anaeleza jinsi walivyokata kwa mundu wa dhahabu mmea unaoota juu ya mti mwingine, wakachinja mafahali weupe wawili. Huko Bath, Uingereza, watu walimtupia mungu wa kike Sulis vibati vya risasi vyenye maombi na laana dhidi ya wezi. Vibati vimefukuliwa zaidi ya mia moja. Ila chupa yenye jina la mungu hakuna. Hizo zinazouzwa leo ni ubunifu wa karne ya 20.

Sisemi hivyo ili tuwacheke. Swali lililo nyuma ya chupa hizo ni zuri: je, mafuta yanaweza kuwa "ya" mtu au "ya" mungu fulani? Na yakishawekwa wakfu, ndani ya chupa kinabadilika nini? Kulijibu hatuhitaji kwenda Ireland. Twende kusini mwa Tanzania, Masasi na Newala, ambako mila za Wamakonde, Wamakua na Wayao zimekaa jirani na Uislamu na Ukristo kwa zaidi ya miaka mia.

Unga wa wazee, mafuta ya walio hai

Kitu cha kwanza utakachoona ukifuatilia matambiko ya huku ni kwamba kinachopelekwa kwa wahenga kwa kawaida si mafuta. Ni unga. Wayao huuita mbepesi: unga unamiminwa taratibu chini ya mti, mara nyingi msolo, ukitengeneza kichuguu kidogo. Mahali pengine kichuguu huachwa usiku kucha. Kikikutwa kimesimama vilevile asubuhi, wazee wamekubali. Kikiwa kimebomoka, kuna jambo.

Mafuta yana kazi nyingine. Angalia siku wali wanapotolewa jandoni au unyagoni: wananyolewa, wanaogeshwa, wanapakwa mafuta mpaka wanang'aa, wanavalishwa nguo mpya. Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Chingulungulu na Newala mwaka 1906, akarekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta na kupiga picha za unyago, wakati ambapo kupiga filamu popote pale lilikuwa jambo la ajabu. Mambo mengi yamebadilika tangu hapo, ila mwali anayetoka bado anang'aa.

Fizikia inasaidia kuelewa mgawanyo huu. Unga ni punje. Punje zinasuguana na kushikana, kwa hiyo unga unaweza kukaa kichuguu na kutunza umbo. Na kitu kinachotunza umbo kinaweza pia kulipoteza, yaani kinaweza "kujibu". Mafuta hayana umbo la kutunza, yanasambaa tu. Lakini yakigusa ngozi yanabaki, yanafuata kila mkunjo, na hayaondoki kwa kumwagiwa maji. Ukitaka kuuliza swali, tumia unga. Ukitaka kumbadilisha mtu mbele za watu na badiliko lionekane toka mbali, paka mafuta. Hilo ni wazo langu, si maelezo ya makungwi, ila jaribu kufikiria kinyume chake uone kama kingefanya kazi.

Kwa nini yanang'aa, kwa nini yanabaki

Ngozi kavu ina magamba madogo madogo ya seli zilizokufa. Mwanga ukiipiga unatawanyika kila upande, ndiyo maana mguu uliopauka unaonekana mweupe-mweupe. Mafuta yakijaza nafasi kati ya magamba, uso unakuwa laini na mwanga unarudi kwa mwelekeo mmoja. Huo ndio mng'ao. Hakuna rangi iliyoongezwa.

Halafu kuna suala la maji. Juu ya uwanda wa Makonde udongo unapitisha maji haraka, na kwa vizazi vingi watu wamekuwa wakiteremka mabondeni kuyachota na kuyapandisha kichwani. Kila tone lina jasho la mtu. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, lakini yanapunguza kasi ya yale yaliyomo kutoka. Mahali ambapo kuoga ni hesabu, jambo hilo si dogo.

Lakini si kila mafuta ni ya ngozi, na watu wa huku wanalijua hilo kuliko profesa yeyote. Ganda la korosho lina mafuta mazito meusi yenye asidi ya anakadi na kadoli, ndugu wa sumu inayopatikana kwenye mimea fulani inayowasha ya Marekani. Yakikugusa, ngozi inaungua na kubabuka. Wanaobangua korosho kwa mikono hujipaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza, ili ule uchungu usiifikie ngozi. Hapo mafuta yanakuwa ngao dhidi ya mafuta. Hakuna dini ninayoijua inayopaka waumini wake mafuta ya ganda la korosho, na sababu yake ipo kwenye molekuli.

Ufuta, nyonyo na nazi

Molekuli ya mafuta ya mimea imekaa kama kichwa chenye mikia mitatu. Mikia hiyo ndiyo asidi za mafuta, na tabia yote inatoka humo.

Nazi ina mikia mifupi iliyonyooka, karibu nusu yake ikiwa asidi ya lauriki. Mikia iliyonyooka hupangana vizuri kama kuni kwenye mzigo, kwa hiyo mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Lindi mjini ni kimiminika. Asubuhi ya Julai huko Newala, utayachota kwa kijiko.

Nyonyo, au mbarika, ni mnyama mwingine kabisa. Zaidi ya asilimia 85 ya mikia yake ni asidi ya risinoleiki, yenye kikundi cha oksijeni na haidrojeni katikati ya mkia. Vikundi hivyo vinavutana, molekuli moja inaishika nyingine, na mafuta yanakuwa mazito karibu mara kumi ya ufuta au zeituni. Ndiyo maana yanakaa kwenye ngozi na nywele muda mrefu. Tahadhari mbili hapa. Mbegu yake ina sumu iitwayo risini, kali kweli. Haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu, kwa hiyo mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa vizuri ni salama kupaka, lakini mbegu zenyewe ziwekwe mbali na watoto. Ya pili: kuyanywa kunaendesha tumbo na kunaweza kuamsha uchungu wa uzazi. Mjamzito asipewe "mafuta ya baraka" ayanywe bila kujua ndani ni mafuta gani.

Ufuta ndio ninaoupenda zaidi kati ya hayo, nakiri upendeleo. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, na ndani yake kuna sesamini na sesamolini, ambazo pamoja na sesamoli inayotokana nazo huyakinga na oksijeni. Mafuta mengi yakikaa miezi kadhaa yananuka ukale. Ya ufuta yanavumilia. Babeli ya kale ilitumia ufuta kuwasha taa, kula na kupaka. Na ukitaka mfano wa kweli, ulio hai, wa mafuta yanayoelekezwa kwa mungu mmoja, Wahindu wengi humpelekea Shani mafuta ya ufuta au ya haradali siku ya Jumamosi. Wakelti wa mtandaoni wana wenzao, kumbe.

Zeituni ya askofu

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akitokea Zanzibar. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, akajulikana kwa jambo lililozua mjadala mrefu: badala ya kupiga marufuku jando, aliliingiza kanisani, na sala zikachukua nafasi ya matambiko. Waanglikana wa UMCA walikuwa wa mrengo ulio karibu na Ukatoliki kwa taratibu, na kwa makanisa ya namna hiyo mafuta ni jambo zito. Askofu hubariki ya wagonjwa, ya wanaojiandaa kubatizwa, na krisma, ambayo huchanganywa na manukato ya zeri.

Kwa karne nyingi mafuta hayo yalipaswa kuwa ya zeituni. Sasa zeituni haioti Masasi. Ufuta ndio unaoota, tena kwa wingi, unapigwa mnada kupitia vyama vya ushirika na kusafirishwa nje. Mbegu zinashuka kwenda bandarini, chupa ya zeituni inapanda.

Kwa Wakatoliki, Papa Paulo VI alilishughulikia jambo hili. Novemba 30, 1972 aliruhusu mafuta ya wagonjwa yawe ya mmea mwingine pale zeituni isipopatikana, kwa sababu maaskofu wa nchi mbalimbali walikuwa wamelalamika. Sharti likabaki kwamba yatoke kwenye mmea. Kikemia, tofauti ni ndogo: zeituni imejaa asidi ya oleiki, ufuta umegawana kati ya oleiki na linoleiki. Kwa ngozi ufuta hauna cha kuionea haya zeituni. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba kupaka zeituni mara kwa mara hulegeza ukuta wa ngozi, tofauti na alizeti, yenye linoleiki nyingi. Mama unayemkanda mtoto mchanga, hilo linakuhusu zaidi ya mapapa.

Mashine inasoma nini

Tuseme unachukua mafuta ya ufuta, nusu yabarikiwe, nusu yabaki, kisha uyapime yote kwa mwanga wa infraredi. Mashine inasoma jinsi viungo kati ya atomi vinavyotikisika. Mstari wa kiungo cha kaboni na oksijeni utatokea karibu na 1,745 kwenye chupa zote mbili. Maneno hayavunji viungo hivyo wala hayaundi vipya.

Je, hiyo inamaanisha wakfu ni uongo? Hapana, ni haraka mno kusema hivyo. Chukua noti ya shilingi 10,000 uipeleke kwenye mashine hiyohiyo. Itasoma karatasi na wino. Thamani haitaiona, ingawa ukienda nayo sokoni unapata samaki. Thamani ipo kwenye makubaliano ya watu. Mwali aliyepakwa mafuta mbele ya ukoo wake anatendewa tofauti kuanzia siku hiyo, na hilo ni badiliko la kweli, lililo nje ya chupa.

Hatari inaanza pale mtu anapokuambia badiliko limo ndani ya kimiminika chenyewe, kwa hiyo lazima ukiguse, ukinunue, ukiwahi. Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, umati ulikimbilia mahali palipomwagwa mafuta ya upako ili kuyakanyaga. Watu 20 walikufa. Mafuta hayakuwadhuru. Msongamano ndio uliowaua. Watu wakizidi watano au sita kwenye mita moja ya mraba, hakuna tena mtu anayejiamulia hatua. Umati unasukumana kama kimiminika, na aliyeanguka hana nafasi ya kuinuka. Kama baraka ingekuwa ya siku nzima na si ya tone lile, nani angekimbia?

Jambo jingine ni jeraha. Yawe ya nani, mafuta yasipakwe kwenye kitovu cha mtoto mchanga wala kwenye kidonda kibichi cha jando bila mhudumu wa afya kusema hivyo. Vijidudu vya pepopunda hutoka udongoni na hustawi pasipo na hewa. Kidonda kilichofunikwa na kitu kisicho safi ndicho vinachokitafuta. Chanjo ya pepopunda kabla ya jando, kitovu kikavu na kisafi, mafuta yasubiri siku ya kutoka.

Kama uko Newala wakati wa baridi, fanya jaribio hili. Weka vijiko vitatu dirishani jioni: nazi, ufuta, nyonyo. Kabla jua halijachomoza viinamishe vyote pamoja juu ya sahani. Ufuta utamwagika mara moja, nyonyo utaburuza uzi mrefu, na nazi itabaki kwenye kijiko. Kisha mwite bibi au kungwi wa jirani, mwonyeshe, umwulize kila moja wao walilitumia kwa kazi gani. Andika majibu. Tungependa kuyasoma.