Majina ya Mazimwi Yasikufunge Kinywa

Ikiwa una kijana wa shule ya upili au chuo nyumbani, huenda umemkuta sebuleni na wenzake wameizunguka meza, mbele yao karatasi, penseli na dadu za ajabu, moja ikiwa na nyuso 20. Usidhani wanacheza kamari. Kila mmoja anaigiza mhusika wa kubuni, awe shujaa, mchawi au mwizi, na msimamizi wa mchezo anawasimulia hatari zinazowakabili. Mchezo unaojulikana zaidi wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974.

Mchezo huu huchezwa kwa mdomo, lakini maneno yake hupatikana vitabuni. Hapo ndipo penye taabu. Mtu anaweza kulisoma jina la zimwi mara hamsini asilisikie hata mara moja. Siku anapolitamka, meza nzima inaangua kicheko. Tangu siku hiyo husema tu "yule pale", na hatimaye hunyamaza kabisa. Katika mchezo wa maneno, aliyenyamaza hachezi.

Sisi Wakenya twaijua sana aibu hiyo. Ni wanafunzi wangapi walioacha kuinua mkono darasani kwa sababu "l" na "r" ziliwachanganya wakachekwa?

Si tatizo la mgeni peke yake

Usifikiri wenye Kiingereza chao wamesalimika. Mnamo Januari 1985, jarida la Kimarekani la Dragon, toleo la 93, lilichapisha mwongozo mrefu wa matamshi kwa ajili ya wachezaji. Kama wao walihitaji kufunzwa, wewe unaonea haya nini?

Hadi leo hawajaafikiana. Chukua "drow", wale watu weusi wa chini ya ardhi. Wengi husema "drau", wengine husema "dro", na mchezo huendelea vivyo hivyo.

Kiswahili ni silaha

Michezo hii ilichota mengi kutoka kwa J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Katika The Lord of the Rings, kilichotoka kati ya 1954 na 1955, aliweka nyongeza inayoeleza jinsi ya kutamka majina ya lugha alizozibuni. Ukiisoma utatabasamu, kwani sauti nyingi unazo tayari.

Irabu zake zinakaribiana sana na zetu. "Sau" ya Sauron ni ile ile ya "sauti". "Dh" katika Caradhras ni ya "dhahabu", na "th" katika Denethor ni ya "thelathini". "Ch" yake ni "kh" ya "kheri", si "ch" ya "chai". Herufi "c" husomwa "k" daima, kwa hivyo Celeborn ni "Keleborn".

Jihadhari na mkazo tu. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa Isildur utapatia: i-SIL-dur. Lakini Denethor huanza kwa nguvu: DE-ne-thor.

Ukikutana na "githyanki" pia usitishike. Aliyezoea kusema Githunguri anaijua "g" hiyo nzito. Aikumbuke tu "th" ya "thamani".

Mengine yametoka jirani

Kuna maneno ambayo hapa pwani hayahitaji mwalimu. "Djinni" ni jini yule yule wa hadithi za bibi. Hiyo "d" ya mwanzo imetokana na tahajia ya Kifaransa, wala haitamkwi. "Efreeti" ni ifriti. "Ghoul" nalo lina asili ya Kiarabu. Wazungu husema "guul", lakini sauti ya asili ni "gh" ya "ghali".

Penye mitego

Maneno ya Kiingereza cha kale na Kifaransa ndiyo hutega watu. "Lich", yaani mchawi aliyekufa akakataa kuzikwa, hutamkwa kwa "ch" ya "chai". Limetokana na neno la kale lililomaanisha maiti, na hadi leo lango lenye paa kwenye ua wa makanisa ya Uingereza, ambapo jeneza lilisubiri kasisi, lina jina la asili hiyo.

"Wyvern", joka lenye miguu miwili, huanza na "wai". "Melee", mapigano ya ana kwa ana, ni neno la Kifaransa. Wanaozungumza Kiingereza husema "meilei", na wengi wao hukosea wakasema "milii". Ukilisoma Kiswahili, "mele-e", umewakaribia Wafaransa kuliko hao.

Mezani mfanyeje?

Kwanza, msimamizi wa mchezo alitamke kila jina jipya kwa sauti kabla ya mwingine yeyote kulihitaji. Hilo peke yake huondoa nusu ya hofu.

Pili, neno likiwa la lugha halisi, kama "melee", lifuateni kamusi. Likiwa la kubuniwa na mwenye mchezo hakuacha maelezo, patana na wenzako mlitamke vipi, basi.

Tatu, mwenzako akikosea, usimkatize. Ngoja zamu yako, ulitumie neno lile lile sawasawa katika sentensi yako. Atasikia, atajirekebisha, na hakuna atakayejua.

Nne, ukibuni jina mwenyewe, liandike jinsi linavyotamkwa. Si lazima lijae herufi zisizotamkika ndipo liogopwe. Zimwi halijawahi kulemaa kwa kuwa na jina jepesi.

Nawe mzazi, ukimsikia mwanao akitaja jina geni vibaya, kumbuka kwamba aliyekosea kulitamka ni aliyelisoma mwenyewe kitabuni. Huyo anastahili kusikilizwa hadi amalize sentensi yake.