Nthwa Ikifika Kiboko: Jembe, Ngoma na Kivuli cha Migunga

Mwezi wa Oktoba ukielekea ukingoni, nchi ya Kiboko hubadilika kwa siku chache tu. Mibuyu iliyosimama uchi tangu kiangazi kianze hutoa majani. Migunga huchanua maua madogo yenye harufu inayowavuta nyuki. Kwera husuka viota kwenye matawi yanayoning'inia juu ya maji. Mvua ya kwanza ikipiga, kumbikumbi hububujika ardhini jioni, na watoto huwakimbilia na sufuria, kwa maana wakikaangwa ni kitoweo kitamu.

Kiboko ni kituo kidogo kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kati ya Emali na Makindu, kaunti ya Makueni, kiasi cha kilomita 160 kutoka Nairobi. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto Athi, ni Kitui. Wakamba wa kaunti hizi mbili wana misimu miwili ya mvua. Ile ya Machi hadi Mei huiita uua, na ile ya Oktoba hadi Desemba huiita nthwa. Sehemu nyingine za Kenya hutegemea zaidi mvua ndefu za masika, lakini hapa tegemeo ni nthwa. Uua huweza kuja wiki mbili ikatoweka, mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Kwa hiyo majira ya kuchipua ya Ukambani ni Novemba, na ndiyo majira ya watu kukusanyika.

Mkusanyiko wa kwanza ni wa kazi, nao huanza kabla hata wingu halijaonekana. Jina lake ni mwethya. Majirani wa utui mmoja, yaani kijiji kimoja, hupatana siku, kila mtu hufika na jembe lake, na shamba la mmoja wao hulimwa na wote. Kesho au juma lijalo ni zamu ya mwingine. Halipwi mtu. Mwenye shamba hupika isyo au muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, yakachanganywa na maharagwe au mbaazi. Wanawake ndio walio wengi katika vikundi hivi, na nyimbo ndizo zinazopanga mwendo wa majembe: anayeongoza hutupa mstari, wengine huitikia huku wakishuka kwenye mtaro kwa pamoja.

Kilichofanywa na mikono hiyo kinaonekana kwa macho. Katika miaka ya 1930, maafisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni waliandika ripoti kuhusu wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, wakidai kwamba udongo umekwisha na nchi inageuka jangwa. Wakoloni walilazimisha watu kuchimba matuta, na kwa sababu ya shuruti hiyo kazi ilichukiwa. Baada ya uhuru watu waliichukua kazi ileile wakaifanya yao, kwa njia ya mwethya. Walipenda zaidi tuta linaloitwa fanya juu: mtaro huchimbwa kukatiza mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa ya mvua shamba lenyewe hujisawazisha kuwa ngazi.

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha kitabu chao mwaka 1994, walionyesha jambo lililowashangaza wengi. Wilaya iliyokuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1930 ilifikisha takriban milioni 1.4 mwaka 1990, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yameongezeka. Idadi ya watu ilikuwa imekua karibu mara sita, na udongo ukahifadhika zaidi.

Mwethya huohuo ndio unaojenga mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui na Makueni zinajulikana nayo ulimwenguni. Wakati wa kiangazi, kikundi hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, mpaka kwenye mwamba. Mvua ikija, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta. Maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, na katika bwawa zuri huweza kufikia hadi asilimia 40 ya ujazo wake. Jua haliwezi kuyafyonza kwa urahisi, na mbu hawapati pa kuzalia. Miezi mitatu baada ya mvua, mama hufukua kisima kifupi katika mto mkavu na kuchota maji yaliyochujwa. Shirika la SASOL la Kitui na lile la Utooni, lililoanza mwaka 1978, yamesaidia vikundi kujenga mamia ya kuta za namna hii. Saruji hutoka kwa wafadhili, lakini mawe, mchanga na jasho ni vya wanakijiji.

Mkusanyiko wa pili ni wa ngoma.

Kilumi ni ngoma ya ibada, na wenye kuishika ni hasa wanawake wazee. Huchezwa kuomba mvua ikichelewa, kushukuru ikija, na kumtibu mtu aliyesumbuliwa na aimu, yaani pepo za wahenga. Ngoma ndefu za mti zilizowambwa ngozi hupigwa kwa mapigo yanayojirudia bila kuharakishwa, na wachezaji hutikisa mabega na shingo kwa saa nyingi, mara nyingine usiku kucha. Kwa desturi, wazee walitambika kwenye ithembo, mahali patakatifu chini ya mkuyu au mti mwingine mkubwa, wakitoa maziwa, nafaka na pombe. Kukata mti wa ithembo kulikuwa mwiko. Ndiyo maana katika vilima vilivyokatwa miti karibu yote, penye ithembo huonekana kichaka kizito kimesimama peke yake.

Serikali ya kikoloni iliziogopa ngoma za namna hii. Mwaka 1911 mwanamke Siotune wa Kathuke, pamoja na mwenzake Kiamba, waliwavuta watu wengi wa Ukambani kwa ngoma za pepo na kwa mafundisho ya kupinga amri za Wazungu. Maafisa wakayaita wazimu wa kuambukiza, wakawakamata viongozi na kuwahamisha mbali na kwao. Kwa macho ya dola, wanawake waliokutana kucheza walikuwa tishio sawa na wanaume waliobeba mishale.

Vijana wana ngoma zao, ambazo ni za furaha tupu. Mchezaji huruka juu, hujipindua hewani na kutua kwa miguu miwili bila kupoteza pigo la ngoma, huku filimbi ikimwamuru. Sarakasi hizi za Wakamba zilikuwa sifa ya Ukambani muda mrefu kabla ya Bomas of Kenya kuanzishwa Nairobi mwaka 1971 na kuziweka jukwaani. Kijijini huchezwa baada ya mavuno, harusi ikiwapo, au kikundi kinapozindua bwawa lake.

Mkusanyiko wa tatu ni wa watu na miti. Kiboko hubaki kijani hata nchi inayoizunguka ikikauka, na sababu iko kwenye vilima vya Chyulu, upande wa kusini-magharibi. Vilima hivyo ni vya volkeno na havina mto hata mmoja juu yake. Mvua na ukungu hupenya kwenye mawe yenye vitundu, maji husafiri chini ya ardhi, kisha huibuka mbali kama chemchemi: Mzima, inayopeleka maji Mombasa, Umani katika msitu wa Kibwezi, na hizi za Kiboko. Pembeni mwa maji ndipo ilipo migunga mirefu yenye maganda ya njano.

Chini ya migunga hiyo ilijengwa nyumba ya wageni, Hunter's Lodge, kando ya bwawa linalolishwa na chemchemi. Aliyeijenga ni J. A. Hunter, mwindaji wa Kiskoti aliyefika Kenya mwaka 1908. Uzuri wa mahali hapo hauwezi kusimuliwa bila uchungu wake. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, Hunter, akiwa ameajiriwa na serikali kuondoa vifaru katika pori la Makueni ili Wakamba wahamishiwe huko, aliua vifaru 996. Hata hivyo, mbung'o wa pori hilo walibaki, na vichaka vikaendelea kufyekwa kwa mikono ya watu. Alikuja kuzeeka palepale Kiboko, akipokea wasafiri na kuangalia ndege, na akafariki mwaka 1963. Madereva wa miongo iliyofuata walijua kusimama hapo kwa chai kabla ya kuendelea Mombasa.

Kilomita chache mbele, Makindu, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli humpa kila msafiri chakula na malazi bila malipo na bila kumuuliza dini. Mtu akila pale, akapita kesho yake kwenye shamba la mwethya, ataona watu wa asili mbalimbali wakiamini jambo moja: chakula hupikwa kiwatoshe wote waliofika.

Mikusanyiko hii iko hatarini. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikishindwa, mifugo ikafa na vijana wakahamia mijini. Katika kituo cha utafiti cha KALRO Kiboko, wataalamu hupanda mahindi wakati wa kiangazi na kuyanyima maji kwa makusudi ili wapate mbegu inayostahimili. Kazi hiyo ni ya lazima, ila mbegu pekee haichimbi tuta. Wachimba mchanga wa kuuza Nairobi walikomba mito hadi kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kuulinda mchanga mwaka 2015. Kitui nayo ilipiga marufuku mwaka 2018 usafirishaji wa mkaa na mchanga nje ya kaunti. Mkaa bado unachomwa, na wachezaji wa kilumi wanazeeka bila wanafunzi wa kutosha, kwa kuwa wengine wamefundishwa makanisani kwamba ngoma hiyo ni ya shetani.

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Kaunti za Makueni na Kitui ziitumie: zirekodi kilumi wakati wazee wangali na nguvu, ziorodheshe kila ithembo pamoja na miti yake, na zitoe saruji kwa kila kikundi cha mwethya kilicho tayari kukusanya mawe. Na msomaji anayepita Kiboko mwezi wa Novemba asimame, anywe chai chini ya migunga, na anunue ndengu na maembe kwa wanawake wa kando ya barabara. Pesa hiyo hurudi moja kwa moja kwenye matuta.