Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Madini ya Risasi na Moyo wa Mtu

Siku hizi ni nadra kumpata asiyesikia habari za kolesteroli. Mtu akipimwa damu na kuambiwa imezidi, mara hulaumiwa samli na nyama nono. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini yuko adui mwingine tusiyemtazama, nasi twamkaribisha wenyewe majumbani mwetu. Adui huyo ni madini ya risasi.

Kolesteroli yenyewe si sumu. Ni namna ya mafuta ambayo ini huyatengeneza kwa manufaa ya mwili. Hudhuru inapozidi na kuganda katika kuta za mishipa, njia ya damu ikawa nyembamba. Na mwisho wake ni maradhi ya moyo na kiharusi. Wataalamu waliochunguza vipimo vya damu za watu wazima wa Marekani, vilivyokusanywa tangu mwaka 2009 hata 2012, waliona kuwa wenye risasi nyingi katika damu walielekea pia kuwa na kolesteroli nyingi. Hilo halithibitishi kuwa risasi ndiyo iliyoizidisha. Lakini imekwisha kujulikana kwamba risasi hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, tena hujificha mifupani kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lasema hapana kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama.

Je, huingia kwa mlango gani? Kwanza, jikoni. Sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu zilipopimwa huko Kameruni, zilionekana kutoa risasi. Vitu vikali kama ndimu na ukwaju huitoa zaidi. Basi tusilaze mchuzi ndani yake.

Pili, wanja. Sisi Waislamu twaijua sifa ya ithmidi; lakini wanja mwingi uuzwao leo si ithmidi, bali ni jiwe la risasi lililosagwa. Mama asimpake mtoto wanja asioujua asili yake.

Tatu, kazi. Vijana wanaoyeyusha chubwi za mishipi na mafundi wa betri kuukuu wasiifanye kazi hiyo uani wanapocheza watoto. Nao wanawe mikono kabla ya kula na kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ni fundisho: wakazi walidhurika kwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu. Fedha, ziwe nyingi namna gani, haziitoi sumu iliyokwisha kuingia mifupani.

Basi ndugu zetu, tupunguze mafuta kama tuagizwavyo na waganga, lakini tuitazame na sufuria yenyewe. Mwili ni amana, na mwenye amana huulizwa. Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema. Amin.