Unauza samaki mkunga miiba? Mwambie mteja haya kabla hajalipa

Wadau, mkunga miiba wa kwanza niliyemuuza alikaa kwa mteja siku mbili tu. Alikutwa sakafuni, kakauka. Kosa langu: nilipokea hela bila kusema kuwa samaki huyu anatoroka hata kwenye upenyo mdogo.

Sasa kila oda naituma na maelezo haya:

• Funika tenki, ziba na matundu ya mipira ya pampu.
• Weka mchanga laini, maana anajifukia. Kokoto kali zitamchubua.
• Mpe minyoo usiku, taa zikiwa zimezimwa.
• Usimchanganye na samaki wadogo, atawameza.
• Tenki lako dogo? Usichukue mwenye mistari myekundu, anaweza kufika mita 1.

Wapo wanaoghairi wakishasoma. Sawa tu. Yule wa kwanza nilimrudishia hela, ila hakununua tena kwangu.