Kwa nini programu za simu hubadilika kila mara? Faida na mitego ya kutengeneza mifumo kidogo kidogo

Wiki haipiti bila msikilizaji kutupigia simu kulalamika. Mmoja anasema programu aliyoizoea imebadilika sura, na kitufe alichokuwa anabonyeza hakipo tena. Mwingine anasema simu imemaliza bando la siku nzima kwa kupakua sasisho ambalo hakuliomba. Wa tatu anauliza: "Kwani hawa watu hawawezi kutengeneza kitu mara moja kikaisha?"

Swali hilo la tatu ndilo tunalolijibu leo. Jibu lake linawahusu wenye simu janja, na pia chama cha ushirika, kikundi cha kuweka na kukopa, shule au zahanati inayofikiria kumlipa fundi wa kompyuta aitengenezee mfumo. Sisi wenyewe hapa redioni tumepitia njia hiyo, tukapata faida, na tukaumia pia.

Njia ya zamani: yote kwa mkupuo

Kwa miaka mingi programu za kompyuta zilitengenezwa kama nyumba ya kontrakta. Kwanza mteja anaeleza kila anachotaka. Kisha inachorwa ramani yote, halafu mafundi wanaandika programu yote, halafu inajaribiwa yote, na mwisho mteja anakabidhiwa. Hatua moja ikiisha hairudiwi. Wataalamu waliifananisha na maporomoko ya maji, kwa sababu maji yakishuka hayapandi tena.

Sisi tulianzia huko. Salamu na matangazo ya wasikilizaji yalikuwa yakiingia kwenye simu moja ya studio, na mtangazaji anayaandika kwenye daftari. Tukamwomba fundi atutengenezee mfumo wa kupokea meseji hizo kwenye kompyuta. Alitusikiliza siku moja, akaandika kila kitu, tukampa nusu ya malipo, akaondoka. Alirudi baada ya miezi saba.

Mfumo ulikuwa mzuri kwa macho. Lakini ulidai kila meseji iwe na jina la kata kutoka kwenye orodha, wakati msikilizaji wetu anaandika "kwa mama Neema, pale jirani na mashine ya kusaga". Meseji isiyo na kata ilikataliwa. Tena mfumo ulihitaji intaneti muda wote, na umeme ukikatika kwetu intaneti ya studio huondoka nao. Tuliutumia siku nne, tukarudi kwenye daftari. Pesa ilikuwa imeshakwenda.

Fundi yule hakuwa tapeli. Alitengeneza kile tulichomwambia. Tatizo ni kwamba siku ile moja tuliyokaa naye, hata sisi hatukujua vizuri tunachohitaji. Mtu hujua anachohitaji akishakishika mkononi.

Njia ya ajaili ilitoka wapi

Hilo ndilo lililowasukuma wataalamu 17 wa programu kukutana Februari 2001 katika hoteli ya milimani huko Snowbird, jimbo la Utah nchini Marekani. Baadhi yao walikuwa wameshaanza kufanya kazi kwa namna nyepesi zaidi katika miaka ya 1990. Walitoka na tamko fupi lenye mambo manne, na njia yao ikaitwa ajaili, yaani wepesi wa kugeuka.

Kwa maneno yetu, walisema hivi: watu na mazungumzo yao yana uzito kuliko taratibu na vifaa, programu inayofanya kazi ina uzito kuliko lundo la maandishi, kushirikiana na mteja kuna uzito kuliko kuvutana juu ya mkataba, na kukubali mabadiliko kuna uzito kuliko kung'ang'ania mpango wa kwanza.

Mfano wake tunao mtaani: fundi cherehani. Fundi mzuri hashoni gauni la harusi gizani akakuletea siku ya harusi. Anakupima, anakata, anashikiza kwa uzi mrefu, halafu anakuita ujaribu. Bega likibana, anafumua pale pale, kwa sababu kufumua uzi wa kushikiza ni kazi ndogo.

Kwenye programu, kazi hukatwa vipande vya muda mfupi, mara nyingi wiki mbili. Kila kipande kikiisha, mteja anapewa kitu kinachofanya kazi, hata kama ni kidogo. Anakitumia, anasema kinachombana, na kipande kinachofuata kinaanzia hapo. Katika utaratibu mmoja maarufu wa ajaili, unaoitwa skramu, mafundi pia hukutana kila siku kwa dakika zisizozidi 15 kuangalia kazi imefikia wapi na nini kimekwama.

Sasa unaona kwa nini programu ya simu yako hubadilika mara kwa mara. Wanaoitengeneza hawakusudii kuimaliza siku moja. Wanakupa ujaribu, wanaangalia unavyoitumia, wanarekebisha.

Faida zake

Faida ya kwanza ni kugundua kosa likiwa bado dogo. Wengi wetu tunatuma pesa kwa simu kila wiki, lakini wachache wanajua kwamba M-Pesa haikuanza kwa lengo hilo. Majaribio yake yalifanyika Kenya kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo midogo. Shabaha ilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao kwa simu. Waliposhika huduma mkononi, watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao, likiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Waandaaji waliliona hilo. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Hatusemi kwamba walifuata vitabu vya ajaili. Tunachosema ni kwamba walianza padogo, wakawatazama watumiaji, wakakubali kubadilika. Bila majaribio yale, huenda leo tungekuwa na mfumo wa kurejesha mikopo tu.

Faida ya pili ni kuokoa pesa. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliagiza mfumo wa kutunza mafaili ya kesi, na mwaka 2005 ikautupa baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Ikaanza mwingine, nao ukachelewa na gharama zikapanda. Mwaka 2010 idara iliamua kuisimamia kazi yenyewe, ikapunguza idadi ya watu, ikaikata vipande vifupi kwa njia ya ajaili. Mwaka 2012 mfumo ulianza kutumika.

Faida ya tatu tumeiona wenyewe. Fundi wetu wa pili, binti aliyesomea kompyuta, alikataa kutuahidi mfumo mzima. Alisema: "Baada ya wiki mbili nitawaletea kitu kimoja tu, meseji ziingie na mzisome kwa mpangilio. Tukikubaliana, tunaendelea." Alikuja kukaa studio wakati wa kipindi cha salamu. Akaona mtangazaji anasoma huku mkono mmoja uko kwenye mitambo, akazifanya herufi kuwa kubwa. Wiki mbili zilizofuata alitenganisha salamu na matangazo ya vifo. Baadaye akaufanya mfumo ufanye kazi hata intaneti ikikatika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo tulichokuwa tumekitaja kwenye orodha yetu ya mwanzo.

Mitego yake

Hapa ndipo wengi wanaposikia nusu ya habari. Wale wataalamu 17 hawakusema maandishi, mikataba na mipango havina maana. Waliandika wazi kwamba navyo vina thamani, ila vile vingine wanavipa uzito zaidi. Mafundi wengine wamelichukua neno ajaili kama ruhusa ya kutoandika, kutopanga na kutojaribu.

Mtego wa kwanza ni haraka. Ijumaa moja jioni fundi wetu aliweka badiliko dogo. Alilijaribu kwa meseji za salamu, likafanya kazi, akaenda nyumbani. Hakulijaribu kwa matangazo ya vifo. Usiku ule familia moja ilituma tangazo la msiba na mazishi ya kesho yake saa kumi jioni. Meseji ilipokelewa, lakini ikaingia sehemu isiyoonekana kwenye kioo cha mtangazaji. Haikusomwa Ijumaa usiku wala Jumamosi asubuhi. Ndugu wa kata ya pili, waliotegemea redio, walipata habari watu wakiwa wameshatoka makaburini.

Tulikwenda kuomba radhi. Mzee wa familia alitupokea vizuri, akatukaribisha mkekani, akasikiliza maelezo yetu yote ya kompyuta. Kisha akasema, "Wanangu, lile daftari lenu halikuwahi kutusahau." Hatukuwa na la kujibu.

Tangu siku ile tuna sheria mbili. Badiliko haliwekwi siku ya Ijumaa. Na matangazo ya vifo yanaandikwa pia kwenye daftari, hadi leo.

Mtego wa pili ni kutokujua gharama ya mwisho. Kazi ikienda kwa vipande, ni rahisi kuongeza kimoja, kisha kingine, kila kimoja bei ndogo. Haba na haba hujaza kibaba, na hata deni hujaa hivyo hivyo. Sisi tulijikuta tumevuka makadirio kabla hatujakaa chini kupiga hesabu.

Mtego wa tatu ni kubadili jina bila kubadili mwenendo. Uingereza ilianza kuunda mfumo mpya wa malipo ya ruzuku kwa wananchi wake, ikatangaza kutumia ajaili. Lakini mikataba na usimamizi ulibaki wa mtindo wa zamani, na tarehe ya kuanza ilikuwa imeshapangwa. Septemba 2013 wakaguzi wa hesabu za serikali walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kazi ya kompyuta ya pauni milioni 34 ilikuwa imefutwa kama hasara. Kuita mikutano kwa majina mapya hakukusaidia.

Mtego wa nne unatuhusu sisi wa vijijini zaidi. Ajaili inamsikiliza mtumiaji, lakini mtumiaji yupi? Kama anayejaribu programu ni kijana wa mjini mwenye simu mpya na intaneti ya kasi, programu itazidi kumfaa yeye kila wiki. Itakuwa nzito, itadai bando, itakataa simu ya miaka sita iliyopita. Mwenye kitochi hataulizwa kabisa. Fundi wetu aliziona herufi ndogo kwa sababu alikaa studio. Angekaa wiki moja kijijini kwa wanaotuma meseji, pengine angejua mapema uzito wa tangazo la msiba.

Ufanye nini?

Kama kikundi chako kinataka mfumo, usilipe pesa nyingi kwa ahadi ya mfumo wote. Anza na kipande kimoja kinachouma zaidi. Kwa chama cha mazao, kinaweza kuwa kumbukumbu za mizani tu. Kitumieni msimu huo, kwenye mizani yenu na kwa karani wenu. Andikeni tangu mwanzo kiasi cha juu ambacho hamtakivuka. Mdaini fundi maelezo ya maandishi ya namna mfumo unavyofanya kazi, ili akihama asiondoke nao kichwani. Jaribuni kila badiliko kwa yale mambo ambayo yakikosewa yanaumiza mtu. Na msitupe daftari mpaka mfumo umethibitika.

Kama wewe ni mwenye simu janja, zima kusasisha kwa data ya simu kwenye mipangilio, kisha sasisha mwenyewe ukiwa na bando la bei nafuu. Ila usiache kabisa, hasa programu za pesa, kwa sababu masasisho mengine huziba matundu ambayo wezi hupitia. Pakua kwenye duka rasmi la simu yako tu. Anayekupigia akitaka namba ya siri ili "asasishe akaunti" yako ni mwizi.

Na programu ikikusumbua, sema. Kwenye duka la programu kuna sehemu ya kuandika maoni, na unaweza kuandika kwa Kiswahili. Andika aina ya simu yako, uko wapi, na nini kimegoma. Njia hii ya kutengeneza mifumo inaishi kwa maoni ya watumiaji, na wa kijijini asiposema, mfumo utashonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Nasi tunaendelea kupokea salamu na matangazo yenu kama kawaida. Ukituma tangazo la msiba na usilisikie ndani ya saa mbili, piga simu studio. Tutafungua daftari.