Niyongabo alimpisha mwenzake, bado akarudi na dhahabu

KILA mwaka wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki hukutana kwenye michezo ya shirikisho lao, FEASSSA. Mwaka 2022 walikuwa Arusha, Tanzania. Mwaka 2023 wakawa Huye, Rwanda. Mabasi huvuka Namanga na Rusumo yakiwa yamebeba jezi, mipira na vijana wenye ndoto za kusajiliwa na klabu kubwa au kupata nafasi ya masomo.

Pamoja na raha yote hiyo, michezo ya shule katika kanda yetu haikosi malalamiko ya aina moja. Timu ikifungwa, utasikia pembeni ya uwanja: “Yule si mwanafunzi, yule ni baba wa watoto wawili!” Tanzania huwaita vijeba, yaani wachezaji waliovuka umri. Wanaoletwa shuleni kwa ajili ya mashindano tu huitwa mamluki. Wakati mwingine ni uchungu wa kufungwa unaosema, lakini wakati mwingine ni kweli tupu.

Kabla ya kuwageukia vijeba, turudi Atlanta, Marekani, mwaka 1996.

Hiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza kwa Burundi. Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa mbio za kati, alikuwa ameikosa Seoul mwaka 1988 na Barcelona mwaka 1992. Hakushindwa na mtu. Nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, basi. Alipofika Atlanta, umri ulikuwa umesogea na alikuwa kwenye msafara kama kocha.

Mwenzake, Vénuste Niyongabo, alikuwa kijana wa miaka 22 aliye katika ubora wake. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametwaa shaba ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia huko Gothenburg, na alitajwa miongoni mwa wenye nafasi kubwa ya medali katika mbio hizo. Akaiachia nafasi yake ya mita 1,500 ili Kwizera naye akimbie Olimpiki walau mara moja maishani. Yeye akahamia mita 5,000, mbio ambazo alikuwa na uzoefu mdogo mno nazo.

Tukumbuke hali ilivyokuwa nyumbani. Burundi ilikuwa vitani tangu mwaka 1993. Julai 25, 1996, michezo ikiendelea, jeshi likapindua serikali mjini Bujumbura. Julai 31 viongozi wa nchi jirani wakakutana Arusha na kuamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Siku tatu baadaye, Agosti 3, Niyongabo akaingia fainali ya mita 5,000 na kumaliza wa kwanza kwa dakika 13, sekunde 7.96, mbele ya Mkenya Paul Bitok. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi, na ilikuwa ya dhahabu.

Kwizera aliishia raundi ya mchujo. Lakini alikimbia.

Walimu wa michezo hupenda kuisimulia hadithi hii kama malipo ya wema: ukimpisha mwenzako, Mungu atakupa dhahabu. Si hivyo. Wengi humpisha mwenzao na kurudi mikono mitupu. Uzito wa alichofanya Niyongabo ni kwamba alikifanya kabla ya kujua mwisho wake. Angemaliza wa kumi, kitendo kingebaki na thamani ile ile. Huo ndio uanamichezo, na hauonekani kwenye ubao wa matokeo.

Anayelipa si mdanganyifu peke yake

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2014 timu ya taifa ya Rwanda, Amavubi, iliitoa Congo-Brazzaville kwa penalti mjini Kigali katika safari ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Furaha haikudumu. Ilibainika kuwa mshambuliaji mmoja wa Rwanda alikuwa na majina mawili na tarehe mbili za kuzaliwa: moja kwa timu ya taifa, nyingine kwa klabu yake ya Kinshasa. CAF ikaiondoa Rwanda. Congo ikasonga mbele na kufika robo fainali kule Guinea ya Ikweta.

Miaka mitatu baadaye kibao kikawageukia Wakongo. Vijana wao wa chini ya miaka 17 walikuwa wameitoa Serengeti Boys ya Tanzania, lakini Congo ikashindwa kumpeleka mchezaji wake mmoja kwenye kipimo cha umri. CAF ikaiondoa, na Serengeti Boys wakaenda fainali za Gabon mwaka 2017.

Kipimo chenyewe ni MRI ya kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009. Huangalia kama mfupa umekwisha kufunga sehemu yake ya kukua. Cheti kinaweza kuandikwa upya kwa wino mpya. Mfupa haughushiwi.

Katika visa vyote viwili, walioumia zaidi ni wachezaji ambao hawakughushi chochote. Yuko pia mtoto ambaye hatumuoni kabisa: yule wa miaka 15 aliyebaki kijijini kwa sababu jezi yake ilivaliwa na mtu wa miaka 22. Huyo hana pa kukata rufaa.

Kushindwa nako kunafundishwa

Wahenga wa michezo husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Joshua Cheptegei wa Uganda alilijua hilo mbele ya watu wake. Machi 26, 2017, katika mbio za nyika za dunia viwanja vya Kololo, Kampala, aliongoza hadi mzunguko wa mwisho, kisha nguvu zikamwishia kabisa. Angeweza kukaa chini. Alijikokota akamaliza wa 30. Mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, alishinda taji lile lile, na baadaye akaongeza dhahabu za Olimpiki za Tokyo na Paris.

Mtoto aliyezoeshwa kushinda kwa jina la bandia hawezi kupata somo hilo. Hajawahi kushindwa kihalali, na kwa hiyo hajawahi kushinda kihalali.

Jumuiya yetu imeondoa vikwazo vingi mipakani ili vijana wetu wakutane. Haitasaidia kitu wakikutana wakiwa na shaka kila mmoja na mwenzake. Fomu ya usajili hujazwa shuleni, muda mrefu kabla ya mwamuzi kupuliza filimbi, na kalamu iko mkononi mwa mwalimu.