Kompyuta ya Zamani Usiitupe: Kuchagua Mfumo Huria kwa Anayeanza



Mwezi wa Oktoba 2025 jirani yangu mmoja hapa Neasden alinijia na kompyuta ya mapajani ikiwa ndani ya mfuko wa sokoni. "Shikamoo, Mwalimu. Dukani wameniambia hii imekwisha." Nikaiwasha, ikawaka. Kioo hakikuwa na mkwaruzo, kibodi ilikuwa nzima, na watoto wake wawili walikuwa wakiifanyia kazi za shule kila jioni. Mkononi alikuwa na karatasi za kununulia mpya kwa malipo ya kila mwezi, na riba yake imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Alikuwa bado hajatia saini.

Kisa chenyewe ni hiki. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoamka kwanza na kuziongoza nyingine zote. Kwa wengi wetu mfumo huo ni Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, ikatoa muda wa ziada wa mwaka mmoja tu kwa wale watakaojiandikisha. Windows 11 nayo inadai kichakato cha miaka ya karibuni pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0; mashine nyingi zilizonunuliwa kabla ya 2018 hazikubaliki. Mashine isiyotengenezewa usalama haifi, ila mwenye busara hafungulii humo akaunti ya benki wala barua za halmashauri.

Ipo njia ya tatu, nayo ni programu huria. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kuunda mfumo ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini kilichokosekana, nacho kikaitwa Linux. Fikiri fundi aliyekushonea kanzu kisha akakupa na kigezo chake, ukitaka umshonee na ndugu yako. Jambo hili lina uzito kwetu. Wangapi kati yetu tuliwahi kununua sahani za programu zilizonakiliwa bila idhini, na moyoni tukajua kuwa ile ni haki ya mtu? Hapa mwenyewe amekwisha kukupa ruhusa. Ukimnakilia jirani hukumdhulumu yeyote.

Wala Waswahili hatukuwa watazamaji tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye amri zake kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo alioupa jina Ubuntu, neno ambalo Mswahili hahitaji kamusi ili kulielewa: ni utu wetu huu huu. Siku hizi programu ya kuandikia itumiwayo zaidi katika mifumo huria ni LibreOffice, na unaweza kuitilia orodha ya maneno ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Mimi niliyesahihisha insha kwa kalamu nyekundu miaka yote ile sikujua ningefurahi kiasi gani kuona mashine imeacha kupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la lugha yangu! Hata hivyo, nisikudanganye: tafsiri ya mfumo mzima haijakamilika, na sehemu kubwa utaisoma kwa Kiingereza.

Sasa, uchague upi? Mifumo ya Linux ni mingi kama aina za mchele, na vijana hubishana juu yake usiku kucha. Kwa anayeanza mitatu inatosha kufikiriwa: Ubuntu, Zorin na Linux Mint. Yote ni mizuri. Mimi huwapa watu Mint, kwa sababu aliyezoea Windows hukuta kitufe cha kuanzia kiko palepale chini kushoto, na haamki siku moja akakuta kila kitu kimehamishwa. Toleo la 22, lililotoka 2024, litatunzwa hadi 2029. Linahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, lakini 4 ndizo za kustarehe. Kwa mashine dhaifu chukua lile la Xfce, ambalo ni jepesi. Lakini nikuambie ukweli: kama shemeji yako anaujua Ubuntu na anakaa mtaa wa pili, chukua Ubuntu. Mtu wa kumwuliza anashinda sifa zote.

Uzuri ni kuwa unaweza kuonja kabla ya kula. Faili la Mint hupakuliwa bure, nalo huandikwa kwenye flashi kwa programu ndogo iitwayo Etcher. Ukiizima kompyuta, ukaichomeka flashi na kuiwasha huku ukibonyeza F12 (mashine nyingine hutaka Esc au F2), mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani. Utakuwa mzito kidogo, usiudharau kwa hilo. Kaa nao jioni nzima. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na hasa printa, kwa maana printa ndiyo iliyotutoa jasho jirani yangu na mimi. Kisichofanya kazi hapo, ujue kabla hujaamua.

Ukiamua kuusakinisha, nakili kwanza picha na hati zako zote mahali pengine. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza, nilibonyeza mahali palipoandikwa kuwa diski itafutwa, nikidhani inakusudiwa Windows peke yake. Picha za arusi ya binti yangu zikaenda zote. Baadhi zilirudi kutoka kwa jamaa wa Mombasa na Maskati kwa WhatsApp, ndogo na zenye ukungu. Kosa lilikuwa langu. Maneno yalikuwa mbele ya macho yangu.

Yapo pia usiyoyapata. Word na Excel za Microsoft hazisakinishwi humo. Utazitumia kwa kupitia kivinjari, au utumie LibreOffice, ambayo hufungua mafaili yake ingawa mpangilio huvurugika mara nyingine. Baadhi ya michezo ya wavulana, Fortnite kwa mfano, haikubali. (Jirani yangu alisema hilo si hasara.) Kazi za shule zinazofanywa ndani ya kivinjari, simu za Zoom, benki na fomu za serikali hazina shida.

Wakongwe wa hapa mnakumbuka kuwa maktaba yetu ya Neasden ilifungwa 2011. Mtoto asiye na kompyuta nyumbani hupanda basi hadi Willesden Green, na jioni za baridi mama hapendi. Kwa hiyo kompyuta moja inayofanya kazi juu ya meza ya jikoni si jambo dogo katika nyumba zetu.

Ile ya jirani yangu ilichukua saa moja na nusu, pamoja na chai. Karatasi za duka alizirudisha bila saini. Ninazo flashi mbili zenye Mint tayari. Anayetaka kuazima amwambie anayemletea jarida hili, na atakapokuja asisahau waya wa chaji.